KIMEVUNJIKA AU KIMEVUNJWA?

Hebu tazama sentensi hizi tatu, ndugu msomaji. Juma amevunja kikombe. Kikombe kimevunjwa na Juma. Kikombe kimevunjika. Mwalimu wa darasa la saba atakwambia hizo ni kauli tatu: ya kutenda, ya kutendwa na ya kutendeka, kisha atakupa zoezi la kugeuza moja iwe nyingine. Utapata vema zako kumi, utafunga daftari, yamekwisha. Mimi nadai hayajesha. Nadai kwamba hapo katikati, baina ya -w- na -ik-, pana swali la maadili zito kuliko mahubiri mengi tunayoyasikia: nani katenda, na nani ana haki ya kunyamaza asimtaje?

Kwanza ufundi wenyewe. Maneno hayakai katika sentensi kama dagaa ndani ya pakacha, kila mmoja alipoangukia. Yana nafasi zake. Nafasi ya mbele ni ya kiima, na kiima ndicho kinachoamrisha: kikiwa kikombe, kitenzi kitavaa ki-, akiwa Juma, kitavaa a-. Lakini wanasarufi hutuonya tusichanganye mambo mawili. Kiima ni kiti. Mtenda ni mtu. Katika "Juma amevunja kikombe", mtenda amekaa kitini. Katika "kikombe kimevunjwa na Juma", kilichotendwa ndicho kimekalishwa kitini, na Juma kasogezwa nyuma, baada ya ka-"na" kadogo, mahali ambapo unaweza hata kumfuta na sentensi isidai kitu. Mwaka 1957 Noam Chomsky, katika kitabu chake Syntactic Structures, aliieleza sentensi ya kutendwa kuwa ni ile ya kutenda iliyogeuzwa. Nadharia yake imebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini wazo hilo lina utamu wake: nyuma ya kila "kimevunjwa" kuna "amevunja" fulani. Mtenda kafichwa, ila yumo ndani ya nyumba.

"Kimevunjika" ni habari nyingine kabisa. Jaribu mwenyewe. "Kikombe kimevunjwa kwa makusudi": sentensi safi. "Kikombe kimevunjika kwa makusudi": ulimi unagoma. Sema "kimevunjika na Juma", watu watakucheka. Hapa mtenda hakufichwa, hayumo. Ile -ik- imemtoa nje na kukomea mlango. (Naiweka kando -ik- nyingine, ile ya "njia inapitika".) Na hili halihitaji shule. Mtoto mdogo asiyejua hata kuhesabu mpaka kumi husimama mbele ya vigae na kusema, "Mama, sahani imevunjika!" Sarufi yake haina kosa hata moja. Labda ndiyo maana anachapwa.

Usidhani ni mchezo wa maneno tu. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Caitlin Fausey na Lera Boroditsky, walichapisha uchunguzi kuhusu jambo hilihili kwa Kiingereza. Watu walisomeshwa habari ya ajali ya moto mkahawani. Habari ni ileile, ila kwa baadhi yao mhusika ndiye aliyeangusha mshumaa, na kwa wengine mshumaa ulianguka. Waliosoma sentensi yenye mtenda walimlaumu zaidi, na fidia waliyotaka alipe ilikuwa kubwa zaidi. Yaani pesa taslimu, bwana, zilipanda na kushuka kwa muundo wa sentensi.

Sasa tuje nyumbani, Kilwa. Kila kijana aliyepita shule anaijua sentensi ya namna hii: watumwa waliletwa Kilwa Kivinje, wakauzwa, wakapelekwa Unguja. Vitenzi vitatu, vyote vya kutendwa, na hakuna binadamu hata mmoja aliyefanya lolote! Tazama na neno lenyewe: m-tum-w-a. Kauli ya kutendwa imepenya mpaka ndani ya jina la mtu. Anatumwa. Na nani? Jina halisemi. Mwenzake hakuitwa mtumaji. Aliitwa bwana, jina la heshima lisilobeba kitenzi chochote.

Hebu tuwarudishe watenda vitini mwao. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alikubaliana na Mfaransa Jean-Vincent Morice kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiyao na misafara ya Waswahili na Waarabu waliwaleta watu kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Matajiri wa Kihindi walikopesha mtaji. Wenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba walinunua. Katika miaka ya 1860 biashara hiyo ilipitisha Kilwa watu zaidi ya 15,000 kwa mwaka, mpaka Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa 1873 wa kuizuia baharini. Umeona? Sentensi imekuwa ndefu, imekuwa nzito, na inauma. Inauma kwa sababu baadhi ya viima vyake ni watu wa kwetu.

Linganisha na Maji Maji. Vita vilianza Nandete, katika milima ya Umatumbi, mwezi Julai 1905, na Agosti 4 Kinjikitile Ngwale akanyongwa Mohoro. Hapo hakuna anayesita kumalizia: na Wajerumani. Vilevile Hassan bin Omari Makunganya, alinyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895, na Wajerumani. Mtenda akiwa mgeni, "na" yetu hufanya kazi vizuri tu. Akiwa babu, inapata kwikwi.

Hata hivyo, nako huko kuna mahali tunateleza. Mara nyingi husikia kwamba baada ya vita "ikaingia njaa, watu wakafa". Njaa iliingia! Kama mgeni aliyepiga hodi. Kumbe majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba, yakateketeza maghala, yakachukua chakula, watu wakafa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria waliokufa kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Angalia kazi ya ile -ka-. Ndiyo kamba inayofunga tendo kwenye matokeo yake: hili, ndipo hili, ndipo hili. Ukikata kamba mwanzoni, ukaanzia kwenye njaa, umesema kweli tupu na bado umemwachia mtu atoroke.

Na tusijidanganye kuwa mambo haya ni ya zamani. Miaka ya 1990 mlio wa baruti ulikuwa jambo la kawaida katika bahari ya kusini, kutoka Mtwara hadi Songosongo. Barazani ungesikia: matumbawe yamekufa, samaki wamepotea, bahari imeharibika. Hivi matumbawe yaliamka asubuhi yakaamua kufa? Waliokaa barazani wengi walijua ngalawa ya nani ilitoka na chupa. Ila mpiga baruti si mgeni. Ni mtoto wa shangazi, ni shemeji, jana kachangia sanda. Basi bahari ikaharibika yenyewe.

Hapa msomaji wa pwani atanikatiza, na ana haki. Atasema: kijana, wewe unataka tuishi kama mahakamani? Sitara je? Mgeni akiangusha kikombe chako, utamkodolea macho useme "umekivunja"? Hata kidogo. Utasema, "Kimevunjika tu, mwanangu, wala usijali." Na atasema zaidi: Kivinje leo wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wanasali safu moja, wameoana, wanazikana. Unafikiri wangeyaweza hayo kama kila jioni wangekaa kuhesabiana viima?

Hoja hii siipuuzi. Ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Lakini iangalie vizuri hiyo "kimevunjika" ya ungwana. Nani anaisema? Mwenye kikombe. Yeye ndiye aliyepata hasara, na kwa silabi moja anamfutia mgeni deni. Anatoa kitu chake. Aliyevunja akisema maneno yaleyale, hatoi chochote; anachukua. Amejisamehe mwenyewe kwa mali ya mwenziwe. Sauti ni moja, sarufi ni moja, ila tendo moja ni ukarimu na la pili ni wizi. Kwa hiyo ubaya haumo katika -ik-. Lugha haina dhambi. Imetupa milango yote mitatu. Swali ni nani anapita mlango upi, na je, ni mlango wake?

Sasa wale waliopita Kivinje na minyororo shingoni, vikombe vyao tutavisamehe sisi kwa idhini ya nani? Wenyewe hawapo. Na hatuwezi kusamehe kwa niaba yao, sembuse kwa manufaa yetu. Ndiyo maana naona kuna tofauti kati ya baraza na kitabu. Barazani jirani aliyedhulumiwa anaweza kuamua kusema "yalitokea tu", na ni hisani yake, tumshukuru. Kitabuni, anakoandika mtu kuhusu marehemu asiyeweza kumjibu, hisani hiyo si yake kuitoa. Aandike mtenda.

Na kumwandika mtenda si kumshtaki mjukuu. Sarufi yenyewe inakataa. "Alimuuza" ina a- yake na -li- yake: ni huyo, na ni wakati huo. Huwezi kuipachika "wewe" mbele yake ikakubali. Anayemtukana kijana wa leo kwa sababu ya msafara wa babu yake kavunja upatanisho, na anayekasirika babu akitajwa kavunja uleule. Tukilielewa hili, pengine kwikwi itapungua, na tutaweza kusali safu moja huku tukijua historia, badala ya kusali safu moja kwa sababu hatuijui.

Kwetu sisi tunaojifunza kuandika, kazi ni ndogo na ni ya kila siku. Ukikutana na "walihamishwa", "ziliidhinishwa", "lilivunjwa", simama uulize: na nani? Ukikutana na "zimepotea" na "imeharibika", uliza mara mbili. Ukiambiwa kwa dhati kwamba haijulikani, andika kuwa haijulikani, hilo nalo ni jibu la kweli. Lakini mwenzio akikohoa, akatazama pembeni, akakuuliza kama umeshakunywa chai, basi jua mtenda anajulikana, na pengine yupo humohumo barazani.