Mwakilishi wa Samaki

Bunge ni nyumba ya wenye ndimi. Katiba ya Tanzania ya 1977 imewataja waingiao humo: wabunge wa majimbo, wanawake wa viti maalumu, wajumbe watano wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, Mwanasheria Mkuu, na wateule wa Rais wasiozidi 10. Mvuvi wa Rubafu, kaskazini mwa Bukoba, anaye mbunge wa kupeleka kilio chake Dodoma. Ziwa linalomlisha halina. Likizuka shauri baina ya mvuvi na ziwa, nani atalisemea ziwa, na kwa haki gani?

Swali hili si geni. Katika miaka ya 1950 maofisa wa uvuvi wa serikali ya kikoloni nchini Uganda walitaka sangara atiwe katika Ziwa Viktoria, ili furu wadogo waliodharauliwa wageuke nyama nono. Wataalamu wa Jinja walionya. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960 kulipinga jambo hilo. Hoja yake haikushinda. Sangara akazaana, na ilipofika miaka ya 1980 furu walikuwa wakiangamia. Wataalamu hukadiria kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka. Walakini sangara huyohuyo ndiye aliyeleta viwanda vya minofu, na kwake zilipatikana ada za shule na mabati ya nyumba. Mtetezi wa furu akisimama mwaloni leo, husema mbele ya watu walioshibishwa na kosa analolilaani. Ni vigumu kumsikiliza mtu wa namna hiyo, hata kama asema kweli.

Juni 2018 rula iliingia bungeni. Maofisa wa uvuvi walikwenda katika mgahawa wa Bunge, Dodoma, wakapima sato waliokwisha kupikwa, maana sheria inakataza sato asiyetimiza sentimeta 25. Walioonekana pungufu walileta faini kwa mtoa huduma na hasira kwa wabunge. Wengi walicheka habari hii, na kwa hakika inachekesha. Lakini kwa muda mfupi samaki alipata mwakilishi katika nyumba ile, naye hakuchagua sahani ya mkubwa wala ya mdogo.

Je, hiyo ndiyo haki? Kipimo kilikuwa kimoja, mzigo haukuwa mmoja. Katika operesheni ya wakati uleule dhidi ya uvuvi haramu, nyavu zilichomwa moto kandokando ya ziwa. Mbunge alikosa chakula cha mchana. Mwenye wavu mmoja alikosa mwaka mzima. Mtu asiyepoteza kitu huona wepesi kulitetea ziwa, na wepesi huo ndio unaomtia mvuvi shaka. Kwa upande mwingine, baba atakaye nyavu za matundu madogo kwa ajili ya njaa ya usiku huu amemsemea mwanawe vibaya, na mwanawe, kama samaki, hana kura.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imempa kila mkazi wa Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na ya kuidai mbele ya sheria. Mlango umefunguliwa, ila nauli ya kuufikia haikutajwa. Wanaofika mbele ya kamati za Bunge kushawishi ni wenye ofisi mijini na makaratasi yaliyopigwa chapa vizuri. Maneno yao huenda yakawa sahihi kabisa. Ila mwenye haki nzito zaidi ya kumsemea samaki ni yule atakayegharimika kwa kusema kwake, na mtu huyo hupatikana mwaloni, katika kikundi cha wanakijiji cha kulinda rasilimali za uvuvi. Huyo hutoa taarifa ya wavu haramu wa shemeji yake, kisha jioni hurudi nyumbani kwa njia ileile, na shemeji amekaa barazani.