Huruma ya Siku Moja Haitoshi



Jioni moja ya masika mjukuu wetu alirudi nyumbani amelowa chapachapa, na ndani ya shati lake alikuwa amemficha mtoto wa mbwa. Alimwokota mtaroni nyuma ya soko, mahali ambapo wenye mbwa waliozaa huwatupa watoto wasiotakiwa. Kijibwa mwenyewe alikuwa ngozi na mifupa, amejaa viroboto. Tukampa uji wa vuguvugu, tukamlaza juu ya gunia karibu na mafiga. Tukamwita Bahati. Usiku ule tulijiona tumetenda jema, na mtoto tulimsifu kwa huruma yake.

Leo twapenda kuwauliza wasomaji swali ambalo mbwa yule alitufundisha kujiuliza. Je, mtu akimwokoa mnyama, deni lake limekwisha, au ndipo limeanza?

Kwanza tuseme habari za furaha, kwani ipo, wala si haba. Nyumba ambayo watoto wamekwisha kuondoka huwa na ukimya wake. Bahati aliuvunja ukimya huo. Alijua mlio wa miguu yetu tangu njia panda, akaja kutulaki. Mjukuu wetu, ambaye kumwamsha kwenda shule ilikuwa kazi ya watu wawili, alianza kuamka mwenyewe ili ampe mbwa wake maji. Tumefundisha miaka mingi, nasi twasema bila kusita kwamba mtoto anayekumbuka bakuli la kiumbe asiyeweza kuomba amejifunza jambo gumu kuliandika ubaoni.

Lakini wapo watakaotuuliza: Mbona kuna binadamu wenye njaa, nanyi mnalisha mbwa? Wahenga walisema mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi wake. Mbwa ana mchuzi gani? Wengine huongeza kwamba kupenda mnyama ni mambo ya Kizungu, au anasa ya wenye nacho.

Swali hili si la kudharauliwa. Mtu anayemnunulia mbwa nyama huku akimnyima yatima ugali, huyo amepotea, na mbwa hatamtetea siku ya hukumu. Hata hivyo, kumbukeni hadithi ambayo nabii Nathani alimsimulia mfalme Daudi. Mwenye kondoo mmoja aliyelelewa pamoja na watoto, akala chakula cha nyumba na kulala kifuani, hakuwa tajiri. Alikuwa maskini. Tajiri wa hadithi ile alikuwa na makundi ya kondoo, asimpende hata mmoja. Basi upendo kwa mnyama si anasa, wala haukuletwa kwa meli. Tena huruma si kama debe la mahindi, kwamba ukimpimia mmoja inampungukia mwingine. Kwa kawaida mkono uliozoea kumpiga mnyama hauchelewi kumpiga mtoto.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Mwaka wa pili wa Bahati, gari lenye kipaza sauti lilipita likitangaza chanjo ya mbwa katika uwanja wa shule. Tulisikia vizuri. Siku ile tulikuwa na shughuli za kanisa, tukasema tutampeleka mara nyingine. Wala hatukuwa na desturi ya kumfunga mchana. Juma la Pasaka mlango wa ua uliachwa wazi. Bahati akatoka, akamwuma mguuni mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka saba, aliyekuwa ametumwa dukani.

Jirani yetu ni Mwislamu, mtu mpole ambaye tumeishi naye zaidi ya miaka ishirini. Alikuja akasimama nje ya ua, kwani kwao mate ya mbwa ni najisi, nasi twaliheshimu hilo. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwalimu, kumwokota si kosa. Hata sisi twafundishwa habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Lakini nakuomba unionyeshe cheti chake cha chanjo."

Hatukuwa nacho.

Jeraha lilioshwa kwa maji na sabuni, na mtoto akapelekwa hospitali siku ile ile kuanza sindano. Nauli na gharama tulilipa sisi, kama ilivyo haki. Bwana mifugo aliagiza mbwa afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Ndugu, siku zile zilikuwa ndefu. Kila asubuhi tulikwenda kumtazama kama anakula na kunywa, kisha tukaenda kwa jirani kumjulia hali mtoto. Mama yake aliitikia salamu, lakini hakututazama usoni. Tulijua, naye alijua, kwamba dalili za kichaa cha mbwa zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Siku ya 11 mbwa alikuwa mzima, na mtoto akamaliza sindano zake salama. Tulimshukuru Mungu, ila hatukuwa na la kujisifia. Mchuma janga hula na wa kwao, nasi tulikaribia kumlisha mtoto wa watu.

Kosa letu lilikuwa nini? Halikuwa ukatili. Tulikuwa na huruma ya siku moja. Tulimtoa mnyama mtaroni, tukadhani makombo na mahali pa kulala vyatosha. Bwana wetu alipojibizana na wakuu juu ya Sabato, aliwakumbusha kwamba hata siku ile humfungua ng'ombe au punda na kwenda kumnywesha. Maana yake wajibu kwa mnyama hauna sikukuu, hata kama sikukuu yenyewe ni ya kanisa.

Basi deni ni hili. Mbwa na paka wachanjwe dhidi ya kichaa, na chanjo irudiwe kwa wakati kama bwana mifugo anavyoelekeza. Wataalamu hutueleza kwamba mbwa 70 katika kila 100 wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Hivyo kumchanja wako ni kumlinda na mtoto usiyemjua. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja. Mnyama apewe maji safi, kivuli na dawa ya minyoo. Asifungwe usiku na mchana kwa mnyororo mfupi mpaka shingo ikatoke vidonda. Kama hutaki watoto wake, mwite bwana mifugo amhasi au amfunge kizazi. Usingoje wazaliwe ndipo uwatupe sokoni. Kwa maana kila mtoto wa mbwa anayeokotwa na mwenye huruma alitupwa na mtu aliyekwepa deni lake.

Kanisa letu la Anglikana si geni katika jambo hili. Mwaka 1824 kasisi Arthur Broome aliitisha mkutano London ulioanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Miongoni mwa waliokuwa naye ni William Wilberforce, yule aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Kumtetea mtumwa hakukumzuia kumhurumia punda. Broome aliacha kazi ya mtaa wake, akatumia fedha zake mwenyewe, na mwaka 1826 akafungwa gerezani kwa ajili ya madeni ya chama. Huyo alijua kwamba huruma ina gharama, akalipa. Hapa Tanzania nasi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini sheria haiamki alfajiri kujaza bakuli la maji.

Kwa hiyo, ewe msomaji, kabla hujamwokota mnyama, jiulize kama utaweza kumtunza miaka kumi na zaidi. Ukiona huwezi, mtafutie anayeweza. Hilo nalo ni tendo jema. Ukimchukua, umechukua amana ya Mungu, na jirani yako ana haki ndani yake.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na tarehe 4 Oktoba twamkumbuka Fransisko wa Asizi. Twapendekeza kwamba katika juma hilo wazee wa kanisa wamwalike bwana mifugo uwanjani petu, na majirani wa dini zote wakaribishwe na wanyama wao.

Bahati yu hai, amezeeka kama sisi. Mchana hukaa uani, mlango umefungwa. Kadi yake ya chanjo imo kabatini, pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo.