Msamaha si Kunyamaza

Somo: Mathayo 18:1–22, Mwanzo 37, 42–45 na 50

Juma lililopita baada ya ibada, mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza hivi: "Pasta, kijana wangu anaonewa na wakubwa huko shuleni. Nimwambie asamehe, ama niende kwa mwalimu mkuu?" Swali hilo limeninyima usingizi. Linalonisumbua ni neno "ama." Nani alitufundisha kwamba hizo ni njia mbili, ukishika moja umeacha nyingine?

Kabla ya kumjibu, acheni nikiri. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuhubiri katika shule moja ya bweni upande huu wetu wa Manga. Sitaitaja. Ibada ilipoisha, kijana wa Kidato cha Kwanza alibaki nyuma akijifanya anapanga viti. Mwishowe akafunguka. Alikuwa akifua nguo za wakubwa wawili. Kufuli ya sanduku lake ilikuwa imevunjwa na vitu vyote vikaisha. Usiku alikuwa anaamshwa apime bweni kwa kijiti cha kibiriti, na akipoteza hesabu anachapwa mshipi. Godoro lake lilichukuliwa, na si mnajua baridi ya Manga mwezi wa Julai. Kisha akasema, "Lakini usiambie mtu, pasta. Wakijua nimesema, nimekwisha."

Nikaahidi. Nikamwekea mikono, nikamwombea kwa machozi, nikamwambia asamehe hata saba mara sabini. Nikaondoka nikiona nimefanya huduma. Muhula uliofuata niliporudi, nikaambiwa kijana huyo aliacha shule. Alienda wapi, sikupata wa kunieleza. Hata jina la baba yake sikuwa nimeuliza.

Maombi yangu hayakuwa ya uongo, wala neno nililompa halikuwa langu; ni la Bwana mwenyewe. Sasa nilikosea wapi?

Fungueni Mathayo 18 msome polepole kutoka juu. Sura inaanza na wanafunzi wakiuliza nani aliye mkubwa. Hilo ndilo swali la bweni lolote: mkubwa ni nani, na mono ni nani? Yesu anamwita mtoto na kumsimamisha katikati yao. Mstari wa 6 anaonya kwamba mtu akimkosesha mmoja wa wadogo hawa, ingekuwa nafuu kwake afungiwe jiwe la kusagia na kutoswa baharini. Mstari wa 12 unamtaja mchungaji anayewaacha kondoo 99 aende kumtafuta mmoja. Mstari wa 15 hadi 17 unaeleza la kufanya ndugu akikukosea: umwendee, akikataa uchukue mashahidi, akikataa tena uliambie kanisa. Baada ya hayo yote ndipo Petro anapouliza kuhusu kusamehe, naye anajibiwa saba mara sabini.

Mimi nilimpa yule mtoto mstari wa 22 nikaficha ule wa 6 na ule wa 17. Neno la Mungu likikatwa hivyo linakuwa kamba ya kumfungia aliyeumizwa, huku aliyeumiza anatembea huru. Yesu yule yule, katika sura ile ile, alisema tusamehe na pia alisema jambo lipelekwe kwa watu. Basi kusamehe na kusema ukweli si maadui. Kusamehe ni kazi ya moyo wa aliyekosewa, kwamba halipizi kisasi. Kumlinda ni kazi yetu sisi wakubwa, na kazi hiyo haingojei moyo wake upone.

Sasa tumwangalie Yusufu, ambaye alionewa na ndugu zake mwenyewe. Katika kisa hicho mtu anayenihukumu zaidi ni Reubeni. Reubeni hakuwa mbaya. Aliwazuia wasimwue, akashauri wamtupe shimoni, na nia yake ilikuwa arudi baadaye amtoe. Lakini aliporudi, shimo lilikuwa tupu. Akararua nguo zake, na machozi yake yalikuwa ya kweli, ila mtoto alikuwa tayari yuko njiani kwenda Misri. Wapendwa, wachungaji, walimu na wazazi wengi ni kina Reubeni. Tunamhurumia mtoto, tunapunguza ukali wa mambo kidogo, halafu tunamwacha shimoni tukisema tutarudi.

Angalieni jambo lingine. Mwanzo 37 hapasemi popote kwamba Yusufu alilia shimoni. Tunakuja kujua katika sura ya 42, miaka kama 20 baadaye, ndugu zake wanapoambiana kwamba waliona dhiki ya nafsi yake alipowasihi, nao hawakusikia. Machozi ya samaki huenda na maji, lakini hawa walioyasababisha hawakuyasahau. Ndiyo maana nasema kumfichia mtoto anayeonea wengine si kumpenda. Unamtwika mzigo atakaoubeba mpaka uzee. Na tusijidanganye, wakati mwingine huyo mwenye mshipi ni kijana wetu, anayeongoza kuabudu kwenye CU na kushuhudia hapa kanisani likizo ikifika. Je, tukiitwa shuleni tutaenda kumtetea, ama tutamsaidia akiri na kurudisha godoro la watu?

Wengine watasema, "Pasta, hata sisi tulipitia hayo. Yalitukomaza." Wataongeza kwamba Yusufu mwenyewe alisema Mungu aliyageuza mabaya kuwa mema. Ni kweli, yako Mwanzo 50:20. Lakini ni nani aliyeyasema? Ni yule aliyetoka shimoni. Na hata yeye alianza kwa kuwaambia wazi kwamba walikusudia mabaya. Mtu aliyepona ana haki ya kushuhudia kwamba Mungu alimjenga kupitia maumivu. Aliyesimama ukingoni mwa shimo hana haki ya kumwambia aliye ndani kwamba shimo linamjenga. Tena wapo walioshindwa kuendelea, na hao hatuwasikii kwa sababu hawakubaki kusimulia.

Na Yusufu alisamehe lini? Hakujitambulisha siku ile ya kwanza walipofika Misri. Aliwajaribu mpaka Yuda akajitoa abaki mtumwa badala ya Benyamini. Hapo ndipo akalia kwa sauti na kuwakumbatia. Kama Yusufu, tayari akiwa mkubwa wa Misri, alihitaji kuona kwamba mioyo imebadilika, tutamlazimishaje mtoto wa miaka 14 akumbatiane na mtu ambaye usiku ataamka kumchapa?

Uonevu huu hauko kwa shule ndogo tu. Mwaka 2017 ilikuwa Alliance, shule iliyoanzishwa na makanisa mwaka 1926 na ambayo kila mzazi aliitamani. Wakati huo Waziri wa Elimu alikuwa Dkt. Fred Matiang'i, mwana wa Nyamira yetu. Uchunguzi ulionyesha wadogo walikuwa wakipigwa usiku na wakubwa, viranja wakiwemo, na mkuu wa shule akastaafu mapema. Jina la kanisa juu ya lango halimlindi mtoto kama hakuna anayesikiliza ndani.

Sheria pia inatupa nguvu. Katiba yetu, Kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya kulindwa dhidi ya ukatili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 36, inakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa kiakili. Sheria hiyo hiyo inalipa kanisa lililo mdhamini wa shule nafasi ya kutoa ushauri wa kiroho na kuweka kasisi wa shule. Tukiingia shuleni tukahubiri tu na kuondoka, tumeitumia nafasi hiyo nusu.

Kwa hivyo nimejiwekea utaratibu, nanyi mnipime nao. Kwanza, siahidi siri kabla ya kusikia. Namwambia mtoto, "Nitatunza heshima yako, lakini ukiwa hatarini nitamwambia mtu anayeweza kukulinda, na nitakueleza ni nani kabla sijamwambia." Huko si kumchongea mwenziwe. Mchongezi anataka mtu aumie. Anayetoa taarifa anataka mtu aache kuumia. Pili, baada ya kusema "Amina" namuuliza, "Leo usiku utalala wapi, na ni nani atakuwa karibu nawe?" Kama hana jibu, mimi siondoki hapo shuleni kabla sijaonana na mwalimu wa zamu au wa ushauri nasaha. Tatu, nampigia mzazi, na narudi juma linalofuata. Na shule ikinyamaza, ipo namba 116, ya kuripoti mateso ya watoto, na kupiga ni bure.

Mama yangu uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Nenda kwa mwalimu mkuu kesho asubuhi, na ukitaka tutaenda pamoja. Kusamehe tutamfundisha kijana wetu taratibu, akiwa analala kwa godoro lake.

Na wewe kijana unayesoma haya likizo, ukisikia maneno haya yanakuhusu, njoo. Sitakuuliza kwa nini hukusema mapema. Na kama wewe ndiwe uliyekuwa ukishika mshipi, njoo pia. Mlango ni huo huo.

Ombi la juma: Bwana, utupe masikio ya kusikia kilio kikiwa bado shimoni, na miguu ya kurudi kabla shimo halijawa tupu. Amina.