Makangaga ya Bonde la Don na Swali la Jenasi

Thorncliffe Park, mtaa wa maghorofa wa Toronto wenye Waislamu wengi, umeinuka juu ya bonde la mto Don, na katika ardhi chepechepe ya mabonde ya Ontario kama hilo huota makangaga mawili yanayoibua swali la kale la falsafa: je, makundi ya viumbe yamo katika viumbe wenyewe, au ni mpango wa akili ya mwanadamu? La kwanza, Matteuccia struthiopteris au kangaga la mbuni, lina majani marefu ya kijani yanayofanana na manyoya ya mbuni, na katikati yake majani mafupi ya kahawia yanayobeba spora, yaani chembe za uzazi zisizo mbegu, na ambayo husimama wima majira yote ya baridi. La pili, Onoclea sensibilis, hunyauka majani yake ya kijani jalidi ya kwanza inapoanguka.

Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea Linnaeus aliliweka kangaga la mbuni katika jenasi ya Osmunda, jenasi ikiwa ni kundi linalokusanya spishi zenye undugu wa karibu. Mwaka 1866 mtaalamu mwingine, Agostino Todaro, alilitengea jenasi mpya kwa heshima ya mwanafizikia Carlo Matteucci, na baadaye spishi mbili za Asia zikaunganishwa nalo kwa kufanana umbo. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 1997 ulivunja muungano huo, kwa sababu ulionyesha kwamba kangaga la mbuni lina undugu wa karibu zaidi na Onoclea kuliko na hizo mbili, ambazo sasa ni jenasi ya Pentarhizidium. Ukiongeza Onocleopsis ya Meksiko na Guatemala, uainishaji wa kimataifa wa mwaka 2016 unahesabu katika ukoo huu wa makangaga jenasi nne zenye spishi tano tu.

Mtawanyiko wa makangaga haya nao una historia ndefu. Onoclea huota mashariki mwa Amerika ya Kaskazini na mashariki mwa Asia, bila kuonekana kati ya pande hizo mbili, ilhali visukuku vyake vya Alberta, ndani ya pengo hilo, vina umri wa takriban miaka milioni 60. Hivyo maeneo yake ya leo ni mabaki ya eneo lililokuwa pana zaidi.

Kuhusu lile swali la falsafa, mwanafalsafa Ibn Sina alifundisha kwamba ufarasi, ukitazamwa wenyewe, si mmoja wala si wengi: wingi huja na farasi walioko duniani, na ujumla huja akilini. Fundisho hilo linafaa hapa kuliko kauli ya wanaodai kwamba majina yote ni mazoea matupu, kwa kuwa undugu uliovunja kundi la Todaro na warithi wake haukutungwa na yeyote. Hata hivyo undugu hausemi mti wa nasaba ukatwe wapi. Kwa mfano, ua la milima ya Usambara lililoitwa Saintpaulia tangu 1893 liliingizwa katika Streptocarpus mwaka 2015, wala nasaba yake haikubadilika. Qurani, katika Sura ya Al-Baqara, inaeleza kwamba Adamu alifundishwa majina ya vitu vyote, na elimu hiyo inasomeka vyema kama amana ya kutambua kilichopo, amana inayomfunga mtaalamu asitenganishe ndugu wala kuunganisha wageni, lakini inayomwachia hiari ya kuhesabu jenasi nne au, kama akiyaweka makangaga yote matano ndani ya Onoclea, jenasi moja.