Kipenda Roho na Nyama Iliyopo

Wahenga walisema kipenda roho hula nyama mbichi. Hawakutuambia nyama yenyewe ilipatikana wapi. Kijana wa Kasekese, mkoani Katavi, akimpenda binti wa kabila lake, dini yake na elimu kama yake, twasema upesi kwamba moyo umefuata wa kwao. Nadhani tunausifu moyo kwa kazi isiyo yake. Kabla haujachagua, kisima, kwaya na shule vimekwisha kuamua nani aonekane. Mwaka 1932 James Bossard alichapisha hesabu ya vibali 5,000 vya ndoa mjini Philadelphia, Marekani: takriban thuluthi ya wachumba walikuwa wakiishi mitaa mitano tu, au pungufu, kutoka kwa wenzao.

Ushahidi mzito zaidi uko jirani. Warundi wa kabila la Wahutu waliokimbia mauaji ya 1972 hawakuishia mahali pamoja. Wengine waliwekwa Mishamo, makazi yaliyofunguliwa 1978 katika wilaya ambayo leo ni Tanganyika, wilaya ya Kasekese yenyewe, na kutoka humo kulihitaji kibali. Wengine walijipenyeza mjini Kigoma. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyewachunguza katikati ya miaka ya 1980, aliwakuta wa Mishamo wakiulinda Uhutu wao na kuiona ndoa ya nje kama doa, ilhali wa Kigoma walichanganyika na kuoana na wenyeji. Utasema waliokimbilia mjini walipenda mchanganyiko tangu awali. Huenda baadhi yao. Lakini hata ule msimamo wa Mishamo ulilelewa na simulizi za watu waliokaa peke yao, miaka nenda miaka rudi. Uzio ulitangulia, upendeleo ukaota ndani yake.

Pingamizi gumu ni la mnadani. Msukuma mfugaji na Mbende mkulima huonana huko, wakauziana na kutaniana, kisha kila mmoja akarudi kuposa kwao. Hapo nakubali kwamba upendeleo una nguvu yake, na wazazi wenye kauli juu ya mahari wanao zaidi. Ila kupishana si kufahamiana. Fursa ya kupendana hudai muda ambao bei ya ng'ombe haiutoi. Anayeamini kuwa ndoa hupangwa na Mungu hana haja ya kukasirika, mradi asimsingizie Mungu mipaka iliyochorwa ofisini. Mwaka 2014 Warundi wa Mishamo walianza kupewa vyeti vya uraia, na raia haombi kibali kutoka Mishamo kwenda Kasekese.