Je, Mrithi Hurithi na Deni?

Katika mila zetu mtu akifa mali yake haigawanywi mara moja. Kwanza huulizwa: ni nani anamdai marehemu? Waislamu wameliweka jambo hili katika sheria ya mirathi, kwamba deni hulipwa kabla warithi hawajapata mafungu yao. Nasi sote tumewahi kusikia msemaji wa familia akitangaza makaburini kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Hapo hakuna mabishano. Mabishano huanza pale ambapo deni si la fedha. Babu alipewa shamba na mtawala aliyewanyang'anya wenyewe. Mjukuu amezaliwa, akakuta nyumba ya mawe, farasi zizini na vitabu rafuni. Hakumpiga mtu wala hakumfukuza mtu. Je, anadaiwa? Na kama anadaiwa, alipe vipi, na amlipe nani?

Kwa miaka mingi nilipokuwa nikifundisha historia katika chuo cha ualimu, niliwapa wanachuo swali hili kwa mfano wa mtu mmoja, Charles Stewart Parnell wa Ireland. Nilimchagua kwa sababu yuko mbali nasi. Ukimtaja kabaila wa wilaya ya jirani, darasa hugawanyika kwa koo kabla hoja haijaanza. Ukimtaja Mwairishi aliyekufa mwaka 1891, watu husikiliza.

Parnell alizaliwa tarehe 27 Juni 1846 katika shamba la Avondale, jimbo la Wicklow, kusini mwa Dublin. Ukoo wake ulikuwa wa Waprotestanti waliotoka Uingereza katika karne ya 17. Yafaa msomaji akumbuke kwamba katika karne ya 16 na ya 17 ardhi kubwa ya Ireland ilitolewa mikononi mwa Wakatoliki kwa vita na kwa sheria, ikatiwa mikononi mwa watu wachache wa dini na asili nyingine. Wenyeji wakawa wapangaji juu ya ardhi ya babu zao. Avondale yenyewe iliwafikia akina Parnell kwa wasia wa rafiki wa familia, si kwa upanga. Lakini hilo halimalizi swali. Mtu anaweza kupokea kwa njia safi kitu kilichoanza kwa njia chafu, kama vile anayenunua ng'ombe mnadani bila kujua kwamba aliibiwa vijiji vitatu huko nyuma.

Mwaka aliozaliwa mtoto huyo ulikuwa mwaka wa njaa. Ugonjwa wa viazi ulikuwa umeingia nchini mwaka 1845, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Katika miaka michache watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine milioni moja au zaidi wakahama nchi. Wakati huohuo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza, na wapangaji walioshindwa kulipa kodi ya ardhi walitolewa vibandani mwao. Mtoto wa Avondale hakulala na njaa hata siku moja.

Hata hivyo nyumba ile ilikuwa na ukaidi wake. Babu wa baba yake, Sir John Parnell, alikuwa waziri wa fedha wa Ireland, akapoteza cheo chake mwaka 1799 kwa kupinga bunge la Ireland lisivunjwe na kuunganishwa na la Uingereza. Mama yake, Delia, alikuwa Mmarekani, binti wa Charles Stewart, kamanda wa majini aliyepigana na meli za Waingereza katika vita vya mwaka 1812. Baba alifariki mwaka 1859, na Charles akairithi Avondale akiwa na miaka 13. Alisoma Cambridge, akaondoka mwaka 1869 bila shahada. Mwaka 1875 alichaguliwa kuwa mbunge wa Meath.

Mwaka 1879 mavuno yalikuwa mabaya, na wapangaji wakaanza kufukuzwa tena. Hapo anatokea Michael Davitt. Naye alizaliwa mwaka 1846, lakini katika kibanda huko Mayo. Familia yake ilifukuzwa mwaka 1850, ikahamia Uingereza, na Davitt alipokuwa na miaka 11 mashine ya kiwanda cha pamba ilimkata mkono wa kulia. Huyu ndiye aliyeanzisha Umoja wa Ardhi, Oktoba 1879, na huyu ndiye aliyemtaka kabaila Parnell awe rais wake.

Hapa daima mwanachuo mmoja alisimama na kusema, "Mwalimu, aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Davitt alikuwa na haja gani na kabaila?" Ni hoja nzuri, na methali hiyo ina kweli yake. Parnell hakuijua njaa. Lakini Davitt alijua jambo jingine: bungeni London sauti ya mwenye ardhi ilisikika, na ya mwenye mkono mmoja aliyewahi kufungwa haikusikika. Mwenye njaa alihitaji mtu aliyejua milango ya nyumba ile. Kujua milango ni sehemu ya urithi, na yaweza kutumika kulipia deni.

Tarehe 19 Septemba 1880, mjini Ennis, Parnell aliwaambia wakulima wasimwue mtu anayelichukua shamba alilofukuzwa mwenzake, bali wamtenge njiani, dukani na kanisani. Muda si mrefu wakulima wa Mayo walimtenga msimamizi mmoja wa mashamba, Kapteni Charles Boycott. Vibarua wote walimwacha. Wafanyakazi wakaletwa kutoka Ulster chini ya ulinzi wa askari, na gharama ya ulinzi ikapita mara nyingi thamani ya mazao yaliyovunwa. Jina la mtu huyo likawa neno katika lugha nyingi za dunia. Sisi tulikwisha kuwa na neno letu, kususia, na kila mwanakijiji anajua ukali wake.

Serikali ilitunga sheria ya ardhi mwaka 1881, ikaweka mahakama za kupanga kodi ya haki. Oktoba mwaka huohuo ikamtia Parnell katika gereza la Kilmainham bila kumshitaki mahakamani. Basi kazi ikashikwa na dada zake, na hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu.

Fanny, aliyekuwa mshairi, alikuwa ameanzisha Umoja wa Ardhi wa Wanawake huko Marekani mwaka 1880. Anna, aliyezaliwa mwaka 1852, aliuongoza ule wa Ireland. Wanawake hao walijenga vibanda vya mbao kwa waliofukuzwa, wakazilisha familia za wafungwa, wakawahimiza wapangaji wasilipe kodi hata kidogo. Mei 1882 Parnell alitoka gerezani baada ya kuelewana na Waziri Mkuu Gladstone: serikali itawasaidia wapangaji wenye malimbikizo ya kodi, naye atatuliza nchi. Akaukatia fedha umoja wa dada yake, nao ukavunjika mwaka huohuo. Fanny alifariki Julai, akiwa na miaka 33. Anna hakumsamehe kaka yake. Aliandika kitabu akidai kwamba mapambano yote ya wanaume yalikuwa ya uongo, kwa kuwa mwishowe kodi ililipwa. Aliishi Uingereza kwa jina jingine, akafa maji akiogelea huko Ilfracombe mwaka 1911. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1986.

Ndugu wawili hao, waliolelewa katika nyumba moja, walikubaliana kwamba wanadaiwa. Walichotofautiana ni kiasi. Anna alisema deni la dhuluma hulipwa lote. Charles alisema hulipwa kile kinachowezekana leo, na salio litafuatiliwa kesho. Wanachuo wangu wengi, hasa wasichana, walisimama na Anna, na mimi nilimheshimu kila nilipomsoma. Lakini niliwauliza swali moja: mdai ni nani? Si Anna wala Charles, ni yule mpangaji. Naye, mahakama za kodi zilipofunguliwa, alikwenda kwa wingi kupunguziwa kodi yake. Alipokea malipo nusu kwa sababu alikuwa na watoto wa kulisha. Mrithi mwenye dhamiri kali anaweza kutaka kulipa kwa namna inayoiridhisha dhamiri yake kuliko inavyomfaa mdai. Kwa upande mwingine, Charles naye hawezi kuachiwa hivihivi. Vibarua wasiokuwa na shamba lolote hawakupata kitu katika sheria ile, na hao ndio waliokuwa wanyonge kuliko wote.

Mwaka 1883 lilitokea jambo la ajabu. Ilijulikana kwamba Avondale imewekwa rehani kwa madeni. Wakulima wa Ireland wakachanga, na ingawa barua kutoka Roma iliwakataza, walikusanya zaidi ya pauni 37,000 wakamkabidhi Parnell. Wadai wakamlipia mdaiwa! Nadhani mchango ule, pamoja na wema wake wote, ulimgeuzia hesabu kichwani. Mtu aliyeanza kwa kulipa anaweza kufika mahali akaona kwamba yeye ndiye anayedai.

Novemba 1890 mahakama ilivunja ndoa ya Bibi Katharine O'Shea kwa sababu ya uhusiano wake na Parnell, uliokuwa umedumu miaka kumi na kuzaa watoto. Darasani watu walipenda kubishana juu ya uzinzi. Mimi niliwataka watazame jambo lililofuata. Wenzake walimwomba akae kando, hata kwa muda, ili muungano wao na chama cha Gladstone usivunjike na bunge la Ireland lisipotee. Alikataa. Desemba chama kikagawanyika, wengi wakamwacha. Alimwoa Katharine Juni 1891, akazunguka nchi nzima katika mvua akitafuta kura, akafa tarehe 6 Oktoba, na miaka 45 tu. Aliushika uongozi kama mtu anavyoshika shamba la baba yake. Ardhi alikuwa tayari kuiachia. Desturi ya kutiiwa hakuweza kuiachia, na huo ndio urithi ambao hakuna karatasi inayouonyesha.

Ardhi yenyewe ilirudi kwa wakulima polepole, hasa baada ya sheria ya mwaka 1903 iliyowakopesha fedha za kununua. Avondale ilinunuliwa na serikali mwaka 1904, ikawa mahali pa kufundishia upandaji miti. Hata kwetu, nyarubanja ya Bukoba iliondolewa kwa sheria mwaka 1965, haikungoja huruma ya mabwana. Sheria hulipa madeni ambayo dhamiri hucheleweshea. Lakini sheria nayo hutungwa na watu, na mara nyingi baadhi yao ni warithi waliojiuliza swali letu.

Jibu langu mwenyewe ni kwamba mrithi hana hatia, ila ana deni. Hatia ni ya aliyetenda. Deni hufuata mali. Anayevichanganya viwili hivi ama humtukana mtoto kwa kosa la babu, ama humwachia mtoto matunda ya kosa hilo bila kumdai chochote.

Wala asifikiri msomaji kwamba haya ni ya makabaila peke yao. Mimi nilifanya mtihani wa darasa la nne pamoja na wenzangu wengi, tukachaguliwa wachache kuendelea. Waliobaki walikwenda kulima, na kodi ya kichwa waliyolipa ndiyo iliyoninunulia daftari na kumlipa mwalimu wangu. Mwalimu Nyerere alitufananisha sisi tuliosoma na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda kuleta msaada. Baadhi ya wenzangu hao wako hai, ni wazee kama mimi, hawana pensheni. Nikikutana nao hunipisha kiti na kuniita mwalimu. Kiti kile ni sehemu ya deni, na kila ninapokikalia hujiuliza ni nani kati yetu anayestahili kusimama.