Al-Jabri na Haki ya Yatima

Wapo wazee huko Ekero, karibu na Mumias, watuulizao: mwana wa chuoni ana haja gani na al-jabri? Twasema, ilmu hii ni yetu. Al-Khwarizmi aliiandika Baghdad kiasi cha mwaka 820, na kitabu chake chakusanya hisabu za wasia na mirathi. Mfano wake mashuhuri: mali pamoja na mizizi yake kumi ni dirhamu 39. Nusu ya kumi ni 5, mara tano 25, na 39 ni 64, mzizi wake 8. Toa 5, mzizi ni 3, mali ni 9. Kweli, mirathi haifiki kwenye miraba. Lakini aliyezoea kuhakikisha kila hatua hapokei jawabu kwa kuwa mkubwa kalisema. Sisi tulikariri faraidhi bila kupima, tukampunguzia yatima fungu lake. Tulirudi mlangoni pake tukamtaka radhi.